Nyumba yako iko wapi? Jibu kwa maneno matatu

Ndugu msomaji, liko swali moja ambalo sisi watu wa pwani twalijibu kila siku bila ya kufikiri, na ambalo siku ya msiba hutukwama kooni. Swali lenyewe ni la maneno mawili tu: "Uko wapi?"

Mtu wa Mji wa Kale hapa Mombasa ukimuuliza nyumba yake, atakwambia yuko Kibokoni, ukitoka msikitini uingie kichochoro cha pili, upite duka la halua, kisha uulize kwa Bi fulani. Mtu wa Lamu atakutajia mtaa, Mkomani au Langoni, na baada ya mtaa atakutajia ukoo. Hamna nambari ya nyumba wala jina la njia ndani ya jibu hilo, na hata hivyo utafika, kwani kila utakayemuuliza njiani amjua Bi fulani na amjua mamake. Anwani yetu ni watu. Barua nazo hazikuja nyumbani; zilikwenda posta kwenye sanduku, na mwenye sanduku akatuma mtoto kuzichukua.

Desturi hii ni njema maadamu anayekutafuta ana wakati wa kuuliza, na ni mchana, na watu wako macho. Mwaka 2016 jamaa zangu waliipata kasoro yake.

Mtoto wa dadangu, mimba yake ya pili, alishikwa na uchungu usiku wa manane katika kijiji kimoja cha Kwale, baina ya barabara ya Lungalunga na bahari. Damu ikaanza kutoka kabla ya mtoto. Mkunga wa pale, mama mtu mzima aliyezalisha nusu ya kijiji, alitazama mara moja akasema hii si kazi yangu, mpelekeni hospitali. Simu ikapigwa na gari la wagonjwa likaondoka. Kwa hilo sina lawama. Dereva alikuwa mgeni wa upande ule. Akauliza njia, na shemeji yangu akamjibu: ukitoka lami, fuata njia ya mchanga hadi mwembe mkubwa, kisha shika mkono wa kulia.

Mwembe ule ulikuwa umekatwa mwezi uliopita, ukachomwa makaa. Shemeji alijua umekatwa. Lakini mahali pale pangali paitwa Mwembeni, na mtu aliyepagawa hasemi anachokiona, husema anachokijua. Dereva akautafuta mwembe mkubwa, na kwa kuwa miembe ni mingi akaupata mmoja, akashika mkono wa kulia.

Dadangu aniambia waliziona taa za gari mara mbili zikipita kule mbali baina ya minazi, zikaenda zikapotea. Vijana wakapiga kelele, wakawasha makuti, wapi. Mwisho walimtia binti juu ya kitanda cha kamba wakambeba hadi lami, na huko ndiko gari lilikowakuta. Mama alipona, alhamdulillahi. Mtoto hakupona. Dakika ngapi zilipotea sitaki kuzihesabu, wala daktari hakutwambia kwamba hizo ndizo zilizomuua. Lakini tangu siku ile swali hilo la "uko wapi" silisikii kama nilivyokuwa nikilisikia.

Ndiyo sababu mwanangu wa kiume, aliye chuo kikuu, aliponiletea simu yake barazani na kuniambia, "Baba, hapa ulipokaa pana jina lake la maneno matatu," sikumcheka kama alivyotarajia. Niliweka kikombe cha kahawa chini nikamwambia anieleze taratibu.

Mambo yenyewe ni haya. Mwaka 2013 huko London ilianzishwa kampuni iitwayo what3words, maana yake ikiwa ni kama kuuliza "maneno matatu gani?" Mmoja wa waanzilishi wake, Chris Sheldrick, alikuwa mtu wa kupanga maonyesho ya muziki, na taabu yake kubwa ilikuwa magari ya vyombo na wapigaji wenyewe kupotea njia. Hivyo chanzo cha jambo hili hakikuwa mgonjwa wala mwenye kuzama, bali ngoma na vinanda vilivyochelewa kufika harusini.

Yeye na wenzake waliukata uso wa dunia yote, nchi kavu na bahari, kuwa miraba midogo midogo, kila mraba mita 3 kwa mita 3, yaani kama chumba kidogo cha nyumba ya udongo. Ukigawanya uso wa dunia hivyo wapata miraba trilioni 57. Sasa, utaipaje majina miraba yote hiyo? Walichukua maneno ya Kiingereza yapatayo 40,000, wakayapanga matatu matatu. Mwenye hesabu na apige mwenyewe: 40,000 mara 40,000 mara 40,000 ni trilioni 64. Maneno yatosha na mengine yabaki. Mlango wa ofisi yao ya London, kwa mfano, huitwa "filled, count, soap", yaani iliyojazwa, hesabu, sabuni. Maana hayana, wala hayakutakiwa kuwa nayo.

Nilipofika hapo nilimkatiza mwanangu nikamwambia, hii ni abjadi iliyogeuzwa kichwa chini miguu juu. Hakunielewa, kwa kuwa kizazi chao chuoni hakikufika huko. Lakini wewe msomaji uliyekaa chini ya fimbo ya mwalimu utakumbuka: alifu moja, be mbili, jimu tatu, dali nne, na kuendelea hadi ghaini ambayo ni elfu. Kila herufi ina hesabu yake, na ukijumlisha herufi za neno wapata nambari. Ndiyo maana watu huandika 786 juu ya barua na milango ya maduka mahali pa Bismillahi. Mashekhe na malenga katika nchi za Kiislamu waliweza kuuficha mwaka ndani ya ubeti, asiyejua akaona ni sifa tu za mtu, na ajuaye akajumlisha akapata mwaka wa kufa kwake. Sisi tulitoka kwenye neno tukaenda kwenye nambari. Hawa wametoka kwenye nambari wakaja kwenye neno.

Na sababu ni ile ile, kwamba neno hukaa kichwani na nambari huteleza. Mahali popote duniani pana nambari zake za latitudo na longitudo; Mombasa iko digrii 4 na ushei kusini mwa Ikweta na digrii 39 na ushei mashariki. Lakini ukitaka kufika mlangoni kwa mtu, si mjini tu, wahitaji tarakimu tano baada ya nukta kwa kila moja. Zihesabu: kwa huku kwetu ni tarakimu 13. Msomee dereva tarakimu 13 kwa simu usiku wa manane huku mkeo analia chumba cha pili, tuone kama hutageuza 6 ikawa 9. Maneno matatu hata mtoto wa miaka saba atayabeba kutoka nyumba hii hadi nyumba ile.

Wala si jambo geni katika bahari yetu kwamba mahali hubebwa na maneno. Ahmad ibn Majid, nahodha mkubwa wa karne ya 15, mzaliwa wa Julfar katika Ghuba, aliyaweka maarifa yake ya bahari katika mashairi. Moja lake huitwa Sufaliya, nalo laeleza safari za pwani hii yetu hadi Sofala. Lilihifadhiwa Leningrad pamoja na mengine mawili, na mtaalamu wa Kirusi Shumovsky akayachapisha mwaka 1957. Hayo hayakuwa mashairi ya kusifu kipenzi. Yalikuwa ni kipimo cha nyota fulani kwa vidole fulani juu ya upeo wa bahari, na kidole kimoja ni kama digrii moja na nusu na kuzidi kidogo. Huku kusini mwa Ikweta nyota ya kaskazini haionekani, basi walipima nyota nyengine. Vina na mizani vilikuwa kamba ya kufungia hesabu isidondoke baharini. (Wale wanaoendelea kusema kwamba ni yeye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498, wanazuoni wengi hawakubali tena, na mimi nafurahi kwa ajili yake.)

Babangu naye, mvuvi wa madema, hakujua Ibn Majid ni nani, lakini alitosa dema lake mahali pasipo na boya wala alama juu ya maji, asije mwengine akalizoa. Kesho yake alilirudia moja kwa moja. Siri yake ilikuwa kulinganisha vitu viwili vya nchi kavu, mnazi fulani ukae sawasawa nyuma ya paa la msikiti, na upande mwengine jabali likae chini ya mvinje. Pale mistari miwili inapokutana ndipo dema lilipo. Mnazi ulipoanguka kwa upepo, alipoteza madema mawili. Mwaona ni mambo yale yale ya mwembe.

Turudi Uingereza, kwani huko ndiko maneno matatu yalikotiwa katika kazi ya kuokoa watu. Nambari yao ya dharura ni 999, iliyoanza London mwaka 1937, na wakulima, wapanda milima na watembezi wa huko hupotea katika misitu na nyika zisizo na jina la njia, kama sisi. Mwaka 2019 kikundi cha vijana kilikwenda kutembea katika msitu wa Hamsterley, jimbo la Durham. Usiku ukawaingia wamelowa na kutetemeka kwa baridi, wasijue mbele wala nyuma. Walipopata mahali penye mawimbi ya simu wakapiga 999. Polisi wakawaambia watie programu hii katika simu na wasome maneno watakayoyaona. Wakasoma: "kicked, converged, soccer", yaani aliyepigwa teke, waliokutana, kandanda. Kwa maneno hayo ya kichekesho waokoaji waliwafikia gizani, na wote wakarudi kwao. Tangu hapo polisi, zimamoto na magari ya wagonjwa wa sehemu kubwa ya Uingereza wamekuwa wakiyapokea maneno hayo.

Na si huko tu. Posta ya Mongolia, nchi ya wafugaji wahamao na mahema yao, iliyapokea mwaka 2016 kwa ajili ya barua. Na katika KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, taasisi ya afya iitwayo Gateway iliyatumia kuwafikishia kina mama wajawazito gari la wagonjwa katika mitaa isiyo na nambari za nyumba. Nilipoisoma habari hiyo ya mwisho, ndugu msomaji, niliiweka simu chini kidogo.

Kiswahili ni mojawapo ya lugha zilizotiwa katika mpango huo. Msidhani ni tafsiri ya yale ya Kiingereza. Kila lugha ina maneno yake mbali, na mraba mmoja una jina jengine kabisa kwa kila lugha. Hapo ndipo sikio langu la ushairi lilipoanza kuwasha, na ni lazima nilisemee.

Kiswahili cha nani? Mmvita akisema "mato" akikusudia macho, na "ndoo" akikusudia njoo, na "mtele" akikusudia mchele, nani kule kwenye simu atakayemwelewa ikiwa ni kijana aliyezaliwa bara? Ndugu zetu wengine wa bara nao hubadilishana ra na la, ikawa kura na kula ni kitu kimoja. Katika mazungumzo haya hayana neno, kwa kuwa maana ya sentensi husaidia. Mtu akikwambia nimekwenda kupiga kula wajua hakula kitu. Lakini maneno matatu haya hayana sentensi. Hayana maana inayoshika maana nyengine. Likiteleza moja, hakuna la pili litakalolishika mkono. Sisi wa pwani hata twatofautisha taa inayowaka na taa anayeogelea, kwa pumzi tu inayotoka na ile herufi ya kwanza, na maandishi hayaionyeshi tofauti hiyo. Heri mara hii ni heri kwamba hayaionyeshi.

Nilitaka kujionea. Siku ya Jumamosi tulikwenda kwa dadangu, na mwanangu akayatoa maneno matatu ya uani kwake. Kisha nikampigia simu kijana wa bodaboda wa Ukunda, mtu wa bara asiyekijua kijiji kile, nikamsomea. Neno la kwanza alilisikia. La pili alilisikia. La tatu nililisema kwa umoja, yeye akaliandika kwa wingi, herufi moja tu mbele. Ramani ikamwonyesha nchi nyengine kabisa, ng'ambo ya bahari. Akacheka sana, akaniuliza kama nauli nitamlipa kwa dola. Nikamsomea tena herufi kwa herufi, na baadaye akatokea mbele ya ua wa dadangu pasi na kumuuliza mtu, akazima pikipiki chini ya mpapai.

Kampuni yasema kwamba jambo hilo la kumpeleka mtu ng'ambo limefanywa makusudi. Maneno yanayofanana yamewekwa mbalimbali, ili ukikosea ukosee kosa kubwa la kuonekana, usikosee kidogo ukampeleka dereva kijiji cha jirani. Ni fikira ya busara. Lakini mwaka 2021 mtaalamu mmoja wa usalama wa kompyuta huko Uingereza, Andrew Tierney, aliichunguza hesabu yao akaonyesha kwamba zipo jozi nyingi za maneno yanayofanana, umoja na wingi hasa, zilizo karibu karibu. Na mwaka huo huo chama cha waokoaji wa milimani wa England na Wales kilisema kwamba katika miezi 12 kilikuwa kimepewa maneno ya mahali 45 ambayo hayakuwa sahihi, mengine yakielekeza nchi za mbali. Mtu amelala kwenye mwamba na mguu uliovunjika, na maneno yake yaelekeza bara jengine. Waokoaji hao wana njia yao wanayoipenda zaidi: wao ndio wanaokutumia ujumbe, wewe waugusa tu, na mahali ulipo pawarudia wenyewe bila ya mdomo wa mtu kuingia kati. Na simu nyingi za kisasa katika nchi za Ulaya, ukipiga nambari ya dharura, hupeleka mahali ulipo kimya kimya. Uingereza ilianza hivyo mwaka 2014.

Liko jambo jengine ambalo halikunipendeza, nalo ni la milki. Hesabu ya kuyageuza maneno kuwa mahali ni siri ya kampuni. Wewe na mimi twaitumia bure, kwani wao huchuma kwa makampuni makubwa. Wenye Mercedes walinunua sehemu yao mwaka 2018. Lakini mwaka 2021 mtaalamu mmoja wa Marekani alipojitolea kuwapa wenzake programu ya watu huru iliyofanya kazi ile ile, aliletewa barua ya mawakili. Mimi si mtu wa sheria. Nauliza tu kama mwenye nyumba: jina la uani kwangu laweza kuwa mali ya mtu wa London? Mwembe wetu, pamoja na aibu zake zote, ulikuwa wetu.

Na jina hilo halina jirani. Hili ndilo lililonikera zaidi kama mtu wa pwani. Nyumba ya dadangu na nyumba ya mkunga zapakana, ukuta kwa ukuta, na maneno yao hayahusiani hata kidogo. Ukijua moja hukukaribia la pili. Kwa mpango wa Google uitwao Plus Codes, uliotolewa wazi kwa kila mtu mnamo miaka ya 2014 na 2015, sivyo. Wao hutumia herufi na tarakimu, tena wakaziacha irabu zote zisije zikaunda neno la kuaibisha, na nyumba za jirani zina mwanzo mmoja, kama watoto wa baba mmoja. Lakini kuzisoma kwa simu ni taabu tupu. Ni kama kusoma nambari ya gari mara mbili.

Vijana watasema, mzee wajisumbua bure, sisi twatumiana lokesheni kwa WhatsApp, kidole kimoja tu na kwisha. Ni kweli, na kwa harusi au kwa mwenye kuleta pilau yatosha. Ila kwanza lazima mpigaji awe na simu ya maana na bando, na anayepokea awe ni dereva mwenyewe, si mtu wa simu wa 999 au 112 anayesikiliza sauti tu. Dadangu ana simu ya mulika-mwizi. Haina ramani, na mambo ya maneno matatu haiyajui.

Hapo ndipo mwanangu alipotoa fikira ambayo naona ina thamani kuliko programu yenyewe. Nyumba haihami, alisema. Nanga ya simu ni setilaiti, ambazo Wamarekani wamezitundika juu huko, na kuzisikiliza hakuhitaji bando wala mawimbi ya Safaricom. Basi na tuje mara moja na simu nzuri, tusimame uani mchana kweupe, tuyatoe maneno, tuyaandike, tuyabandike nyuma ya mlango. Siku ya shida mwenye mulika-mwizi atapiga simu na kuyasoma. Tusiyatoe ndani ya nyumba wala chini ya mkorosho, kwani ukuta wa mawe na majani mazito hulivuruga sikio la simu. Hata mahali pa wazi simu hukosea kama mita 5, yaani mraba wenyewe ni mdogo kuliko makosa ya chombo. Kwa gari la wagonjwa mita 5 si kitu. Kitanda chafika.

Nilimuuliza, na tukishayaandika, ni gari gani litakaloyapokea? Swali hilo si lake kulijibu, ni la wakubwa. Katiba ya 2010 imezipa kaunti kazi ya magari ya wagonjwa, na kifungu cha 43 chakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Magari yapo ya kaunti, yapo ya Msalaba Mwekundu, yapo ya St John, yapo ya watu binafsi, na ya Lamu mengine ni mashua. Kila mmoja ana nambari yake ya simu na mazoea yake ya kuuliza njia. Ikiwa anayepokea simu hajafundishwa kuuliza "una maneno?", karatasi yangu ya nyuma ya mlango ni hirizi tu. Kabla ya kuwataka wanavijiji watie programu, kaunti za pwani na zikubaliane juu ya jambo dogo hili: zitapokea nini, maneno matatu, au zile herufi za Google, au vyote viwili, na wakae madereva na wapokea simu wafundishwe kutamka na kuandika, Mmvita na Mdigo na Mgiriama na mtu wa bara pamoja, mpaka kura na kula viachane.

Msomaji atanidai niyachapishe hapa maneno ya nyumba ya dadangu. Sitayachapisha. Kumwambia dunia nzima mlango wa mwanamke, kwa kipimo cha mita 3, si adabu kwetu, na hata hao wenye programu wafaa walifikirie hilo. Yupo anayelitafuta gari la wagonjwa, na yupo mwanamke aliyehama ili asitafutwe.

Kwa hiyo siku ile niliandika karatasi yenye mambo matatu. Kwanza maneno matatu ya Kiswahili. Pili zile herufi za Google, kwa tahadhari. Tatu maelezo ya njia kwa mtindo wetu, ila safari hii bila ya mti wowote: kutoka lami hadi kisima cha msikiti, kisha nyumba ya nne mkono wa kulia, bati la buluu. Nikaibandika nyuma ya mlango kwa gundi, nikajiona nimefanya kazi.

Dadangu akaja akaitazama, akanitazama mimi. Yeye ni mkubwa wangu kwa miaka minane na hakupelekwa skuli. Alikwenda chuoni tu, na herufi za Kizungu hazijui. "Umemwandikia nani?" akaniuliza.

Nikaitoa, nikaketi chini, nikayaandika yale maneno matatu upya kwa herufi za Kiarabu, kama tulivyokuwa tukiandikiana barua zamani. Na mjuao khati hiyo mwajua taabu yake: kasiri yaweza kuwa i na yaweza kuwa e, na dhuma yaweza kuwa u na yaweza kuwa o. Akalisoma neno la kwanza sawa. La pili akalisoma kwa irabu isiyo yake, likatoka neno la matusi kidogo ambalo siwezi kuliweka gazetini. Binti yake, yule yule wa usiku ule, alikuwa mlangoni akipepeta mchele, akaangua kicheko hadi ungo ukamtoka mikononi. Tukalisoma tena pamoja, mara tatu, mara nne, mpaka akalijua bila ya kutazama karatasi. Kisha akalifundisha kwa mkunga wa jirani, ambaye maneno ya nyumba yake mwenyewe bado hatujayatoa, kwa sababu mwanangu bando lilikuwa limemwishia na jua lilikuwa lazama, na Maghribi ilikuwa yaadhiniwa.